Mwaka wa Kwanza Chuo Kikuu: Alama Huanza Kuhesabiwa Mapema

Katika shule ya upili, kengele hulia na mwalimu huita majina. Chuo kikuu hakuna kengele. Mhadhiri hufundisha, hutoa kazi na kuondoka, aliyekosa hafuatwi. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hujikwaa, hata waliopata alama za juu katika KCSE.

Katika vyuo vikuu vingi nchini, majaribio ya muhula, yaani CAT, hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Alama ya kupita huwa 40. Aliyepata 20 katika majaribio anahitaji 20 tu katika mtihani. Aliyepata 6 anahitaji 34, karibu nusu ya mtihani wote, na masomo ya muhula mmoja huweza kuwa sita au saba. Akianguka, hulazimika kurudia mtihani, na mara nyingi huulipia.

Wazazi wakumbuke kuwa karo ikishalipwa, kazi haijaisha. Mtoto aulizwe mapema: umefanya CAT ngapi, na umepata ngapi? Naye mwanafunzi aliyelemewa amwone mhadhiri au ofisi ya ushauri nasaha kabla ya mtihani, si baada ya matokeo.