Kutoka Soko la Daraja Mbili hadi Maabara ya Kompyuta: Mwongozo wa Lugha kwa Mwanafunzi Mgeni

Utangulizi

Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka wa 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi. Kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton mwaka wa 1994, chuo kikuu kishiriki mwaka wa 2007, na hatimaye kikapewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Miongoni mwa wanaojiunga nacho kila mwaka ni wale wanaokuja kusomea kompyuta. Wapo wanaotoka papa hapa Kisii na Nyamira, na wapo wanaotumwa kutoka kaunti za mbali. Mwanafunzi wa aina hii aghalabu huzungumza Ekegusii au lugha nyingine ya mama nyumbani, hununua mboga katika soko la Daraja Mbili kwa Kiswahili, na kusikiliza mihadhara kwa Kiingereza. Akiingia maabara huongezewa lugha nyingine tena, nayo ni lugha ya programu, ambayo haivumilii utata hata kidogo.

Makala haya yanakusudia kumwelekeza mwanafunzi huyo. Hoja kuu ni kwamba somo la kompyuta huanza na ufafanuzi wa sentensi kabla ya kufika kwenye mashine. Anayeshindwa kuandika programu anaweza kujihukumu kuwa hana kichwa cha hisabati, kumbe hajaamua sentensi yake ina maana gani. Kiswahili anachokijua tayari kinaweza kumsaidia, mradi akichunguze kwa makini.

Jina la Soko na Suala la Istilahi

Inafaa kuanza na jina la soko lenyewe. Kwa sarufi ya Kiswahili sanifu, nomino daraja yenye maana ya kivuko imo katika ngeli ya LI-YA: daraja limejengwa, madaraja yamejengwa. Kwa hiyo jina lililotarajiwa ni Madaraja Mawili. Hata hivyo, wachuuzi, wateja na makanga wa matatu husema Daraja Mbili, na ndilo jina lililokubalika hata katika maandishi rasmi. Mwalimu wa sarufi anaweza kulisahihisha ubaoni, lakini akitaka kufika sokoni atalazimika kulitamka kama wenzake.

Istilahi za kompyuta zina historia inayofanana na hiyo. Chombo kimoja kimepewa majina matatu: kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Tarakilishi imejengwa juu ya neno tarakimu, nayo imezaa kipakatalishi, yaani tarakilishi inayoweza kupakatwa. Neno hilo limeenea sana katika shule za Kenya, ilhali Tanzania kompyuta ndilo linalotumika zaidi. Juhudi za kuiswahilisha teknolojia yenyewe zilishika kasi katika muongo wa kwanza wa karne hii. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wa kutafsiri programu zake, na mwaka wa 2009 Facebook ikapata sura ya Kiswahili.

Mwanafunzi mgeni ana funzo la kupata hapa. Akikuta tarakilishi katika kitabu kimoja na kompyuta katika kingine, asidhani ni vitu viwili. Akikuta kibodi hapa na kicharazio pale, ajue ni kifaa kilekile. Inafaa afungue daftari la istilahi lenye safu tatu: neno la Kiingereza analolisikia darasani, neno au maneno ya Kiswahili, na maelezo ya dhana kwa maneno yake mwenyewe. Safu ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa maana neno linaweza kukaririwa bila kueleweka, ilhali maelezo hayaandikiki bila kuelewa.

Utata wa Kila Siku Mbele ya Mashine

Wasemaji huelewana kwa sababu muktadha huwasaidia. Kompyuta haina muktadha huo, nayo hutekeleza kilichoandikwa tu. Mifano mitatu inatosha kuonyesha jambo hili.

Mfano wa kwanza ni kiambishi -ki-. Sentensi "Foleni ikiwa na mteja, mhudumie" ina maana mbili. Maana ya kwanza ni ya sharti: kagua foleni mara moja, na ukimkuta mteja mhudumie, kisha uendelee na shughuli nyingine. Maana ya pili ni ya kurudia: maadamu kuna mteja kwenye foleni, mhudumie, kisha urudi kukagua tena mpaka foleni iishe. Muuza ndizi hahitaji kuelezwa ni ipi inayokusudiwa, lakini mwandishi wa programu sharti achague. Lugha za programu huwa na muundo mmoja wa sharti na mwingine wa kurudia, ambao huitwa kitanzi. Akichagua sharti mahali pa kitanzi, mteja mmoja atahudumiwa na wengine wataachwa wamesimama.

Mfano wa pili ni kiunganishi au. Mama anayemwambia mtoto "Nunua sukuma au managu" hutarajia mboga ya aina moja. Katika mantiki ya kompyuta, au ya kawaida hukubali hali tatu: sukuma peke yake, managu peke yake, au zote mbili. Anayetaka mboga ya aina moja tu hana budi kuongeza sharti la kuzuia zote mbili zisipatikane pamoja.

Mfano wa tatu ni ukanushi. "Wanafunzi wote hawajalipa karo" inaweza kumaanisha kwamba hakuna hata mmoja aliyelipa. Inaweza pia kumaanisha kwamba si wote waliolipa, yaani wapo waliolipa na wapo ambao bado. Katika orodha ya wanafunzi 200, iwapo mmoja tu amelipa, maana ya kwanza ni ya uongo na ya pili ni ya kweli. Mfumo wa chuo ulioandikwa kwa kuchanganya maana hizi unaweza kumfungia mlango wa mtihani mtu aliyelipa karo yake yote. Kwa hiyo kabla ya kuandika programu, mwanafunzi aiandike sentensi upya kwa namna isiyoacha shaka: "hakuna mwanafunzi aliyelipa" au "yupo angalau mwanafunzi mmoja ambaye hajalipa."

Dhana za Soko na Dhana za Somo

Nyingi kati ya dhana za mwaka wa kwanza huonekana ngumu kwa sababu hufika zikiwa zimevaa majina mageni, ingawa mifano yake imejaa sokoni.

Gorogoro ni mkebe wa kupimia nafaka. Asubuhi hubeba mahindi na mchana maharagwe. Mkebe haubadiliki, kilichomo ndicho hubadilika. Hivyo ndivyo kilivyo kibadilika katika programu: ni jina la mahali panapowekwa thamani, na thamani mpya ikiingia ya zamani hutoka. Mkungu wa ndizi una chane kadhaa, na kila chane ina ndizi zake. Faili za kompyuta hupangwa kwa mtindo huohuo, kabrasha kubwa likibeba makabrasha madogo, nayo madogo yakibeba faili. Anayejua ndizi yake iko katika chane ipi ya mkungu upi hatapoteza kazi yake ndani ya mashine.

Foleni na rundo navyo ni miundo ya data. Katika foleni, aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Katika rundo la mabeseni, lililowekwa mwisho ndilo linaloondolewa kwanza. Kitufe cha kutendua katika programu ya kuandikia hufanya kazi kwa kanuni ya rundo: tendo la mwisho ndilo hufutwa kwanza.

Algoriti, yaani mpangilio wa hatua za kutatua tatizo, huonyesha thamani yake pale data inapokuwa nyingi. Kulitafuta jina katika orodha ya majina 1000 yasiyo na mpangilio kunaweza kudai ukaguzi wa majina yote 1000. Orodha ikipangwa kialfabeti, mtafutaji huanzia katikati, akaiacha nusu isiyofaa, kisha akaigawa iliyobaki, na kuendelea hivyo. Majina yaliyobaki hupungua kutoka 1000 hadi takriban 500, 250, 125, na kadhalika, hivi kwamba hatua 10 zinatosha. Mashine ni ileile; kilicholeta nafuu ni mpangilio wa fikra.

Mambo ya Kutekeleza Majuma ya Kwanza

Kwanza, asiyesoma kompyuta katika shule ya upili asivunjike moyo. Katika mtihani wa KCSE somo hilo ni la hiari, na shule nyingi hazikuwa nalo. Anachohitaji zaidi ni bidii katika hisabati na mazoezi ya kila siku. Programu haisomwi kwa macho pekee. Sharti mwanafunzi aiandike, aione ikikataa, na atafute sababu.

Pili, kuhusu fedha, karo ilipwe katika akaunti iliyotajwa kwenye barua ya chuo tu, wala isipitie mikononi mwa mtu anayejitolea "kurahisisha mambo." Anayehitaji fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka wa 1995, aombe mapema akikumbuka kwamba mkopo hulipwa.

Tatu, asikimbilie kununua kipakatalishi kabla ya kujua masomo yanadai nini. Akilazimika kununua, atazame uwezo kabla ya jina la kampuni: kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi na betri inayodumu. Programu nyingi za kujifunzia hazilipiwi. Mfumo wa Linux, LibreOffice na lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991, hupatikana bila malipo na kwa njia halali.

Nne, kila kazi iwe na nakala zaidi ya moja, na zisikae mahali pamoja. Umeme hupotea, flashi huambukizwa virusi, na simu huibwa. Anayetumia mashine ya saiba mjini ahakikishe ametoka kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka, wala asiihifadhi nywila humo.

Tano, ajue sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 hufanya kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa, hata kama nia ilikuwa kujaribu ujuzi. Adhabu yake inaweza kufikia faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Msomaji atambue kwamba hapa sheria yenyewe imelazimika kutaja hali zote tatu za neno au. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo huzilinda taarifa za watu, zikiwemo zile ambazo mwanafunzi atazikusanya kwa ajili ya mradi wake.

Sita, zana za akili mnemba zinaweza kuandika programu nzima kwa sekunde chache, na baadhi hujibu kwa Kiswahili. Azitumie kuulizia maelezo, wala asiwasilishe kazi yao kama yake. Mstari asioweza kuueleza kwa maneno yake mwenyewe bado haujawa mali yake, na katika chumba cha mtihani hilo litadhihirika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwanafunzi mgeni wa kompyuta ana madaraja mawili ya kuvuka: la kutoka lugha ya kila siku hadi dhana, na la kutoka dhana hadi lugha ya mtihani na ya mashine. Anayeliruka la kwanza hukariri istilahi bila kuzielewa. Anayekomea hapo huelewa lakini hawezi kuonyesha alichokielewa. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu katika safari hii, kwa kuwa wao ndio waliofunzwa kuchambua viambishi, viunganishi na ukanushi. Kikao kimoja cha pamoja kati ya chama cha Kiswahili na wanafunzi wa kompyuta, kwa juma, kinaweza kuwafaa wote wawili: hawa wapate ufafanuzi wa sentensi, na wale wapate istilahi zilizojaribiwa na watumiaji halisi. Istilahi, kama jina la soko, hupata uhai kwa kutamkwa na wanaoihitaji.

Maswali ya Mjadala

1. Saa 08:00 ya ratiba ni saa mbili asubuhi, na 14:00 ni saa nane mchana. Kanuni ya "ondoa sita" inafaa hapo. Je, inatoa jibu gani kwa 03:00, 06:00 na 19:00? Andika hatua kamili zisizokosea kwa saa yoyote.
2. Tunga sentensi tatu zenye -ki-, kisha ueleze ipi ni ya sharti na ipi ni ya kurudia.
3. Kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, ni neno lipi linalofaa kufundishiwa? Toa sababu za kisarufi na za kimatumizi.