Mafuta Yaliyobaki katika Mashudu

Ulemo ni mahali katika wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Mvua za nchi ile si nyingi, lakini alizeti huvumilia ukame, na kwa sababu hiyo hulimwa sana katika mkoa wote. Tuseme kwamba mama mmoja wa Ulemo amepata kilo 10 za mbegu za alizeti, naye anataka mafuta ya kupikia. Hana mashine. Basi huzitwanga mbegu kinuni, huchemsha unga wake katika maji, kisha huengua mafuta yanayoelea juu. Kazi ile humshika mchana kutwa, kuni nyingi huteketea, na mafuta anayopata ni haba. Je, mafuta mengine yamekwenda wapi? Hayakwenda popote. Yangali ndani ya mashudu.

Mafuta ya mbegu hayakai pamoja kama maji ndani ya dafu. Yamo katika vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila kijumba kina ukuta wake. Mtu atakaye mafuta hana budi kuzivunja kuta zile na kuyabana mafuta hata yatoke. Kwa hiyo tangu zamani watu wa nchi nyingi wamefikiri jinsi ya kushindika mafuta. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki ngamia alizungushwa kinuni, hali amefungwa macho, akashindika ufuta.

Asili ya alizeti ni Amerika ya Kaskazini. Mmea huu ulipofika Urusi, wengi waliupanda kwa uzuri wa maua yake na kwa kutafuna mbegu zake. Mwaka 1829, katika kijiji cha Alekseyevka, mtu aitwaye Daniil Bokarev alijaribu kukamua mbegu zile kwa shinikizo dogo la mkono. Bokarev hakuwa fundi wa mitambo aliyetoka chuoni. Alikuwa mtwana katika nchi ya kabaila mmoja. Lakini mafuta yalitoka, na baada ya miaka michache kinu cha mafuta kilichozungushwa na farasi kilijengwa pale pale. Angalieni jinsi jambo kubwa lilivyoanza kwa mtu mmoja kujaribu wazo lake kwa mikono yake.

Sasa turudi Tanzania. Kabla ya mwaka 1985 vijiji vingine vilikuwa na mashinikizo ya parafujo. Mbegu zilipondwa kwanza, zikapashwa moto, zikatiwa katika pipa la chuma, kisha watu wakaikaza parafujo kwa nguvu zao zote. Mafuta yalipokwisha kutoka, parafujo ililegezwa, mashudu yakaondolewa, na kazi ikaanzwa upya. Watu walichoka, na saa nyingi zilipotea katika kujaza na kuondoa.

Mwaka huo wa 1985, huko Arusha, mhandisi Mmarekani aitwaye Carl Bielenberg aliitazama taabu ile. Hakuuliza, "Nitapata wapi watu wenye nguvu zaidi?" bali alitafuta njia ya kuitumia vizuri nguvu ya mtu mmoja au wawili. Akaunda shinikizo la namna nyingine. Mbegu nzima humiminwa juu, zikaanguka katika bomba jembamba. Ndani ya bomba umo mchi wa chuma, nao husukumwa na wenzo mrefu. Mtu ainuapo wenzo na kuushusha, mchi huzisukuma mbegu mbele kidogo na kuzibana. Mafuta hutoka katika nyufa nyembamba za chuma, na mashudu hutoka mwishoni, penye kizibo kinachoweza kukazwa au kulegezwa. Hapana haja ya kusimamisha kazi ili kuondoa mashudu.

Siri yake ni hesabu tu. Chukueni mfano huu. Mtu asukuma ncha ya wenzo kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 30. Toka egemeo la wenzo hata mkono wake ni sentimeta 200, na toka egemeo hata mchi ni sentimeta 5. Gawanyeni 200 kwa 5, mtapata 40. Basi, tusipohesabu msuguano, mchi husukuma kwa nguvu ya kilo 1,200. Ikiwa uso wa mchi ni sentimeta za mraba 10, kila sentimeta ya mraba hupata kilo 120. Lakini nguvu ile ile ikitandazwa juu ya bamba pana la sentimeta za mraba 600, kila moja itapata kilo 2 tu, na mafuta hayatatoka vizuri. Kwa faida hiyo kuna gharama yake: mkono huenda mbali na mchi huenda kidogo, hata mbegu zinazobanwa kila mara ni chache. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Wazo lile halikukamilika siku moja. Shinikizo la kwanza lilikuwa zito kulisukuma, na baadaye yaliundwa madogo zaidi. Tena si kila mbegu ilifaa. Mbegu yenye ganda gumu na mafuta machache huchosha mkono bure. Yenye ganda laini na mafuta mengi, kama ile iitwayo Record, hufaa zaidi. Mbegu ziwe kavu, na zikianikwa juani zipate joto, mafuta hutoka kwa wepesi. Hivyo shinikizo hili lilienea hata Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Siku hizi mashine za mota hufanya kazi kubwa zaidi, lakini mashine ya mkono haihitaji umeme wala dizeli.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Mtu mwenye wazo jipya hupenda kulisifu, na mara nyingine hujidanganya mwenyewe. Dawa yake ni mizani. Tuseme kilo 10 za yule mama zina kilo 4 za mafuta. Kwa kinu na chungu alipata kilo 1 na nusu. Kwa mchi wa chuma apata kilo 2 na nusu. Hiyo ni faida ya kweli, wala mashudu hayatupwi, kwa kuwa ni chakula chema cha mifugo. Lakini akija mtu na kusema kwamba mashine yake hutoa kilo 5 katika mbegu zile zile, msimsadiki. Ama mizani yake ni mbovu, ama mafuta yake yana maji. Hapana mashine itoayo mafuta ambayo Mungu hakuyaweka ndani ya mbegu.

Maswali

1. Kwa nini mafuta ya alizeti hayatoki kwa urahisi?
2. Mchi mwembamba hushindaje bamba pana?
3. Katika mfano wa mwisho, ni kilo ngapi za mafuta zilizobaki katika mashudu baada ya kutumia mchi wa chuma?
4. Wenzo ukiwa wa sentimeta 150 badala ya 200, mchi utasukuma kwa nguvu ya kilo ngapi?