Matofaa ya Majira ya Baridi

Mtofaa ni mti wa nchi zenye baridi. Tunda lake ni tofaa, na wengi katika Kongo huliita pome. Lina ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ganda lake ni jembamba, jekundu au la kijani au la manjano, na nyama yake nyeupe hulia katika meno. Ukilikata kwa upana, utaona nyota ya vyumba vitano, na mbegu zake zimelala humo. Watu wengi hudhani kwamba Eva alikula tofaa. Maandiko Matakatifu hayasemi hivyo: yanataja tunda tu.

Mgomba hutoa ndizi mwezi wowote. Mtofaa sivyo. Katika nchi ya Ubelgiji huchanua mwezi wa nne au wa tano, na matunda mengi huchumwa mwezi wa tisa na wa kumi. Kisha majani yote huanguka, na mti hulala katika baridi. Usingizi huo ni wa lazima, maana mtofaa usiopata baridi hauchanui vizuri. Basi wakulima walikuwa na shida kubwa: matunda yalikuja yote pamoja, halafu ikafuata miezi mingi bila tunda hata moja mtini. Watoto wangekula nini?

Zamani, kabla ya kuwako vyumba vyenye mashine za baridi, watu wa nchi ya Herve, karibu na mji wa Liège, waliyatunza matofaa kwa mikono. Tofaa lilichumwa pamoja na kikonyo chake, likawekwa kikapuni polepole kama yai. Yale mazima yalipangwa darini juu ya majani makavu, yasigusane. Mara kwa mara ilipasa kuyatazama yote na kuondoa lililoanza kuoza. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Tunda linaloiva hutoa hewa isiyoonekana, iitwayo etilini, nayo huyaivisha mengine upesi. Akina mama wa Kongo hutumia hewa hiyo hiyo wanapoweka ndizi mbivu kati ya ndizi mbichi na kuzifunika. Lakini darini haraka hiyo ni hasara. Tofaa moja bovu likisahauliwa pembeni, ukungu huenea kwa jirani zake, na chakula cha mwezi mzima huenda kwa nguruwe.

Na yale yaliyoanguka chini yakapata jeraha? Hayo yalipikwa siro. Yalitiwa katika sufuria kubwa ya shaba pamoja na mapeasi mengi, ndugu za matofaa, yakakaa motoni saa nyingi mpaka yakawa kama uji. Uji ule ulifungwa katika nguo ngumu, ukakamuliwa kwa nguvu. Maji yake matamu yalirudishwa motoni yachemke tena, na mtu alisimama akikoroga, macho yakimwuma kwa moshi. Hakuthubutu kuondoka: siro ikiungua chini ya sufuria, kazi yote imepotea. Mwisho ilibaki siro nyeusi, nzito kama asali, wala haikutiwa sukari. Iliweza kudumu mwaka mzima. Watu huipaka juu ya mkate, tena huila pamoja na jibini ya Herve yenye harufu kali. Mgeni hukunja pua, halafu huomba kipande cha pili. Hata leo siro hiyo hupikwa katika kijiji cha Aubel.

Matofaa mengine huchemshwa kwa maji kidogo, yakapondwa, yakaliwa pamoja na nyama ya nguruwe. Uchachu wake huondoa uzito wa mafuta. Mengine hukatwa vipande vya mviringo, yakachovywa katika unga uliokorogwa na maziwa na mayai, yakakaangwa. Hayo huliwa yangali moto, na vidole hulambwa.

Mazuri kupita yote yaliwekwa kwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili. Yalipanguswa kwa kitambaa mpaka yang'ae, na asubuhi watoto waliyakuta katika viatu vyao.

Kufika mwezi wa tatu, matofaa ya darini yalikuwa machache, yamekunjamana kama uso wa mzee. Lakini uchachu wake ulikuwa umepungua na utamu kuzidi. Mama aliyatoa moyo, akatia siagi na sukari kidogo mahali pake, akayaweka katika tanuru. Ganda lilipasuka, na harufu ikajaa nyumba yote.