Hukumu ya Upasuaji Saratani ya Ini Inapofika Mapafuni

Mgonjwa akiambiwa saratani ya ini imefika mapafuni, je, sharia inamlazimisha kukubali kisu?

Tuuelewe ugonjwa kwanza. Damu itokayo kwenye ini hupitia moyoni na kuingia mapafuni, ndiyo maana saratani hii hutua huko mara nyingi. Daktari anaweza kukata vivimbe vya mapafuni, lakini kwa wagonjwa wachache: ile ya kwenye ini iwe imedhibitiwa, vivimbe viwe vichache, saratani isiwe imeenea kwingine, na mwili uweze kuhimili.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Uganda, kujitibu ni sunna. Mwaka 1992, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilifafanua huko Jeddah: tiba ni wajibu ikiwa kuiacha kutaleta kifo au ulemavu, ni sunna ikiwa kuiacha kutadhoofisha mwili, ni makruhu ikihofiwa kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Baraza lilishikilia pia idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu.

Basi hukumu hufuata hali. Mwenye vivimbe viwili, ambaye madaktari wanatarajia apone, asijifiche nyuma ya tawakkul. Tawakkul huja pamoja na kushika sababu. Lakini ambaye ini lake limechoka na saratani imesambaa, akikataa kisu hana dhambi, wala hajakata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Bado ana haki ya kutulizwa maumivu. Hospice Africa Uganda imekuwa ikifanya kazi hiyo hapa Kampala tangu 1993, kwa mofini ya kunywa.

Kwa hiyo, kabla ukoo haujauza kibanja, muulizeni daktari yale masharti manne, na mgonjwa mwenyewe ayasikie majibu. Kumficha ni kumnyang'anya uamuzi aliopewa na sharia.

Nasi tulio wazima tuna wajibu wetu. Chanzo kikubwa cha saratani hii kwetu ni homa ya ini aina ya B. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto Uganda mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla yake huenda hakuipata. Kutoka Luzira hadi Mulago si safari. Pima, na ukiwa huna virusi, chanja dozi zote tatu. Kuhifadhi nafsi huanza kabla ya kisu.

Wallahu aalam.