Fort Hare: Chuo Kilichoanza na Darasa la Sekondari

Ndugu mwanachuo, ukisikia Fort Hare unamkumbuka nani? Wengi watasema Mandela. Sawa, lakini turudi nyuma kidogo.

Februari 1916, pale Alice, Afrika Kusini, chuo kilifunguliwa kikiwa na wanafunzi 20 tu. Mkuu wake alikuwa Mskoti, Alexander Kerr, akiwa na D.D.T. Jabavu, mhadhiri wa kwanza Mwafrika. Cha kushangaza, wengi wa wale 20 hawakuwa wa digrii. Walisoma masomo ya sekondari, wakijiandaa kwa mtihani wa kuingilia chuo kikuu!

Kwa nini? Shule za Waafrika zilizofika kiwango hicho zilikuwa za kuhesabu. Chuo kingesubiri waje wenye sifa, madarasa yangebaki matupu. Basi kikaamua kuwaandaa chenyewe. Miaka michache baadaye Z.K. Matthews akapata pale BA, kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Hata Eliud Mathu wa Kenya, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, alisoma huko.

Sasa tuje kwetu. Kantini hakosi jamaa wa kumcheka aliyeingia kwa kozi ya maandalizi, eti "kapita mlango wa nyuma". Nyuma wapi? Fort Hare huo ndio ulikuwa mlango wenyewe. Na anayecheka atujibu: bila darasa lile, hao wa digrii wangetoka wapi?