Chakula, Chunusi na Afya ya Ngozi: Mlaji Ajue Nini?

Chunusi huwapata zaidi vijana walio katika balehe, na wengi wao huzionea haya. Sababu inapotafutwa, lawama ya kwanza huangukia chakula: kijana huambiwa aache karanga, korosho na kila chenye mafuta. Kwa kaya za Nambambo na maeneo mengine ya Nachingwea na Ruangwa, ambako mazao hayo hulimwa, katazo hilo humwondolea kijana lishe bora iliyo karibu naye. Katika somo hili tunaeleza chakula kinahusika kwa kiasi gani, na hatari ipi ni kubwa kuliko chakula.

Chunusi hutokeaje?

Ndani ya ngozi mna tezi zinazotoa mafuta kupitia vitundu vya vinyweleo. Wakati wa balehe, homoni huzichochea tezi hizo kutoa mafuta mengi zaidi. Mafuta yakichanganyika na seli zilizokufa, kitundu huziba, bakteria huongezeka ndani yake, na ngozi huvimba. Mafuta hayo hutengenezwa na tezi zenyewe. Si mafuta ya karanga yaliyotoka tumboni yakajitokeza usoni.

Chakula kina nafasi gani?

Sukari nyingi na wanga uliokobolewa hupandisha haraka sukari ya damu. Mwili hujibu kwa kutoa insulini nyingi, nayo huchangia kuamsha homoni zinazochochea tezi za mafuta. Mwaka 2007, watafiti nchini Australia walichapisha matokeo ya utafiti wa wiki 12 kwa vijana 43 wa kiume wenye chunusi. Waliopunguza vyakula vya aina hiyo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Maziwa nayo yamehusishwa na chunusi kwa baadhi ya watu, lakini ushahidi huo hautoshi kumwachisha kila kijana maziwa.

Kwa hiyo, vya kupunguza kwanza ni soda, chai yenye sukari nyingi na maandazi. Dona ni bora kuliko sembe. Mbaazi, kunde, kisamvu, mchicha na matunda viwepo mezani mara kwa mara, na karanga au korosho ziliwe kwa kiasi bila hofu. Hata hivyo, chakula ni sababu moja tu. Urithi na homoni vina nguvu zaidi. Mwenye chunusi asilaumiwe kwa ulafi wala uchafu.

Hatari iliyo ndani ya kopo

Asiyepata nafuu kwa chakula hukimbilia krimu. Baadhi ya krimu zinazouzwa kiholela huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali kama klobetasoli, ambazo haziruhusiwi katika vipodozi nchini Tanzania. Steroidi hutuliza uvimbe kwa siku chache, na mtumiaji hudhani amepona. Baadaye ngozi huwa nyembamba, na chunusi hurudi zikiwa nyingi zaidi. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Kwa mjamzito, humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Tunamshauri mlaji:

1. Asinunue krimu isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi, wala iliyochanganywa na muuzaji.
2. Anawe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, na asikamue chunusi.
3. Aende kituo cha afya iwapo chunusi zinauma, zinaacha makovu au zinamkosesha raha. Tiba sahihi huhitaji wiki kadhaa. Asikate tamaa mapema.
4. Akishuku kipodozi, aache kukitumia, atunze kopo lake, na atoe taarifa kwa afisa afya wa halmashauri au Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa udhibiti wa vipodozi mwaka 2019.

Ngozi hubadilika polepole. Bidhaa inayoahidi uso safi kwa siku tatu ndiyo ya kuogopwa kwanza.