Kuchagua Inveta ya Sola kwa Boma Lisilo na Umeme wa Gridi

Somo kwa wafugaji wanaouza mifugo Pugu na Vingunguti

UTANGULIZI

Ndugu mfugaji, wengi wenu mnaoleta ng'ombe mnada wa Pugu, na mnaofuata mifugo hadi machinjioni Vingunguti, mnarudi nyumbani na fedha mkononi. Maduka ya vifaa vya sola yapo Kariakoo, si mbali na machinjio. Hapo ndipo fedha ya fahali mmoja au wawili hugeuka kuwa paneli, betri na inveta ndani ya saa moja, mara nyingi kwa ushauri wa muuzaji peke yake.

Muuzaji hajui boma lako. Hajui una taa ngapi wala kama mama anataka jokofu la chanjo za kuku. Somo hili litakusaidia kufanya hesabu nyumbani kabla ya safari, ili ununue kinachotosha.

Baada ya somo hili utaweza:
1. Kujua kama unahitaji inveta au la.
2. Kupiga hesabu ya ukubwa wa inveta, betri na paneli.
3. Kukagua inveta dukani kabla ya kulipa.

INVETA NI NINI?

Paneli hutengeneza umeme kutokana na jua. Kidhibiti chaji huupeleka kwenye betri bila kuiunguza. Umeme wa betri ni wa volti 12 au 24. Inveta huchukua umeme huo na kuugeuza uwe wa volti 230, kama ule wa TANESCO unaotoka ukutani.

Kwa hiyo inveta haitengenezi umeme. Inageuza tu, na katika kugeuza hupoteza sehemu. Tena, ikiwa imewashwa bila kazi yoyote, bado hula betri. Inveta kubwa ya wati 3000 inaweza kula wati 30 ikiwa imekaa bure. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 720. Utaona hapa chini kwamba kiasi hicho kinazidi matumizi yote ya boma lisilo na jokofu.

JE, UNAHITAJI INVETA?

Taa za LED za volti 12, chaji ya simu, redio na hata televisheni za volti 12 hufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kama hivyo ndivyo vitu vyako vyote, huhitaji inveta. Weka fedha hiyo kwenye betri nzuri.

Mfano mzuri unatoka kwa jirani zetu Kenya. Richard Turere, kijana wa Kimasai aliyekulia kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alikuwa na umri wa miaka 11 alipotengeneza taa za kumetameta kuzunguka boma ili kufukuza simba. Alitumia paneli ndogo, betri ya gari, kifaa cha indiketa za pikipiki na balbu za tochi. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza ugunduzi wake katika mkutano wa TED. Katika taa hizo hamna inveta hata moja.

Pampu ya maji pia ifikiriwe peke yake. Ng'ombe mmoja wakati wa joto hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, na pampu ya kundi zima itamaliza betri haraka. Afadhali pampu ya sola inayofanya kazi moja kwa moja na paneli mchana na kujaza tenki. Ni rahisi kuhifadhi maji kwenye tenki kuliko kuhifadhi umeme kwenye betri.

Inveta inahitajika pale unapotaka jokofu la kawaida, televisheni ya kawaida au mashine ndogo ya volti 230.

HATUA YA 1: ANDIKENI ORODHA NYUMBANI

Kaeni pamoja: baba, mama na vijana. Mama ndiye anayejua kazi za maziwa na kuku. Vijana wanajua simu ziko ngapi. Wati za kila kifaa zimeandikwa nyuma yake au chini. Zidisha wati kwa saa za matumizi, utapata wati-saa. Huu ni mfano wa boma moja:

- Taa 4 za ndani, wati 5 kila moja, saa 5: wati-saa 100
- Taa 2 za zizi, wati 5 kila moja, saa 12: wati-saa 120
- Simu 5, wati 5 kila moja, saa 2: wati-saa 50
- Redio, wati 10, saa 5: wati-saa 50
- Televisheni, wati 40, saa 4: wati-saa 160
- Jokofu dogo, wati 80, saa 8: wati-saa 640

Jumla: wati-saa 1120 kwa siku.

Jokofu limeandikiwa saa 8 kwa sababu mota yake huwaka na kuzima. Haizunguki mchana na usiku bila kupumzika. Hata hivyo, linakula zaidi ya nusu ya umeme wote. Ukiliondoa, boma hili linatumia wati-saa 480 tu. Kama jokofu ni la chanjo, fikirieni kaya kadhaa kuchangia moja.

HATUA YA 2: UKUBWA WA INVETA

Jumlisha wati za vitu vinavyoweza kuwaka kwa wakati mmoja. Katika mfano wetu: 20 + 10 + 25 + 10 + 40 + 80 = wati 185. Ongeza robo kwa ajili ya usalama, unapata kama wati 230.

Halafu angalia msukumo wa kuanzia. Mota ya jokofu inapoanza huvuta mara nyingi zaidi ya wati zake za kawaida. Chukulia mara sita: 80 × 6 = wati 480. Ongeza vile vingine, wati 105. Inveta yako lazima ivumilie wati 585 kwa sekunde chache.

Inveta ya wati 500 za kudumu, yenye uwezo wa kubeba wati 1000 kwa muda mfupi, inatosha boma hili. Ile ya wati 3000 ingekula betri bure.

HATUA YA 3: BETRI NA PANELI

Gawa wati-saa 1120 kwa 0.85, kwa sababu inveta hupoteza sehemu. Unapata kama 1320. Gawa kwa volti 12: ni ampea-saa 110 kwa siku.

Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Kwa hiyo unahitaji mara mbili: ampea-saa 220. Betri ya lithiamu inaweza kushushwa zaidi, hivyo ya ampea-saa 150 inatosha.

Usinunue betri ya kuwashia gari. Hiyo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa tena palepale. Ukiitumia usiku kucha kila siku, itaharibika baada ya miezi michache.

Kwa paneli, chukulia saa 5 za jua kali kwa siku na upotevu wa vumbi, joto na waya. 1320 ÷ (5 × 0.7) ni kama wati 380. Nunua paneli mbili za wati 200. Kidhibiti chaji kiwe cha ampea 40.

HATUA YA 4: UKAGUZI DUKANI

- Tafuta maandishi "pure sine wave" kwenye inveta. Hii hutoa umeme laini kama wa TANESCO. Zile zilizoandikwa "modified" ni za bei ndogo, lakini mota ya jokofu hupata joto nazo na huweza kuungua.
- Uliza wati za kudumu. Namba kubwa iliyochorwa kwenye boksi mara nyingi ni ile ya sekunde chache.
- Hakikisha volti za inveta zinalingana na za betri: 12 kwa 12, 24 kwa 24.
- Uliza inakula wati ngapi ikiwa haina kazi, na kama inajizima betri ikishuka.
- Ijaribu palepale dukani ikiwa na kifaa chenye mota.
- Chukua risiti ya EFD na hati ya dhamana, uvihifadhi.

HATUA YA 5: KUFUNGA NYUMBANI

Waya kati ya betri na inveta uwe mnene na mfupi, usizidi mita moja na nusu. Weka fyuzi karibu na betri. Inveta ikae pakavu penye hewa, mbali na vumbi la zizi. Betri ya asidi hutoa gesi inayoweza kulipuka: isiwe karibu na jiko wala mahali watoto wanapolala. Nyaya zipite juu au ndani ya bomba, kwani mbuzi hutafuna. Paneli ifutwe vumbi kwa maji asubuhi, kabla haijapata joto.

ANGALIZO KUHUSU CHANJO

Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), yenye makao makuu Temeke, hutengeneza chanjo katika taasisi yake ya Kibaha, zikiwemo za kimeta, chambavu na mdondo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Inveta ikizimika usiku, chanjo hupata joto na huwezi kuona kwa macho kwamba imeharibika. Utachanja, kisha ng'ombe watakufa ukidhani wamekingwa. Kwa hiyo:

- Weka kipimajoto ndani ya jokofu na kisomwe asubuhi na jioni.
- Weka chupa za maji ndani, zishikilie ubaridi umeme ukikatika.
- Usiweke maziwa ya moto pamoja na chanjo. Jokofu dogo haliwezi kupoza ndoo ya maziwa haraka, na chanjo zitapata joto.
- Kama umeme ulizimika muda mrefu, muulize afisa mifugo kabla ya kutumia chanjo hiyo.

KUMBUKA

1. Orodha kwanza, duka baadaye.
2. Inveta kubwa kupita mahitaji ni hasara ya kila siku.
3. Betri ya gari haifai kwa boma.
4. Chanjo usiyo na uhakika nayo usichanjie.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Boma letu linatumia wati-saa ngapi kwa siku?
2. Kipi kati ya vifaa vyetu kinahitaji inveta kweli?
3. Nani atasoma kipimajoto na kufuta paneli?

Kwa msaada wa hesabu au utunzaji wa chanjo, mwone afisa mifugo wa kata yako ukiwa na orodha yako mkononi.